Uzoefu wangu na kozi ya kadi za kuchomoza na ile seti yake ya karatasi: kozi chukueni, seti achaneni nayo

Kwa wenye haraka nianze na jibu kabisa: kozi ni nzuri mno, seti ya vifaa inayouzwa nayo haifiki hata nusu ya uzuri huo. Ni vitu viwili ingawa vinatangazwa kama kimoja, ukitaka unachukua kozi peke yake, mi nilichukua vyote kwa hiyo nitavisema vyote, na majina siyataji kwa sababu huko mbele nina malalamiko.

Kadi za mkono napenda toka zamani, zile za kukata maua na vipepeo na makopa unabandika juu ya manila, unaandika ujumbe wako basi. Zinapendeza na mpaka leo natengeneza. Ila nilikuwa natamani hizi za kuchomoza, zile ambazo mtu akifungua kitu kinainuka chenyewe ndani, nyumba, ua, mtu kanyoosha mikono. Video za bure ziko tele mtandaoni lakini nyingi zinakuonyesha pa kukata bila kukwambia kwa nini pakatwe pale, sasa ukitaka kubadilisha saizi au kuweka umbo lako mwenyewe unakwama. Hapo ndo hii kozi imenikamata.

Masomo ya mwanzo hakuna rangi, hakuna pambo, hakuna gundi hata tone. Karatasi nyeupe, rula, mkasi, kazi ni kukunja tu. Najua wapo watakaoona inachosha, wao wamekuja kutengeneza kadi nzuri sio kukunjakunja karatasi tupu, lakini mi naona ndo uamuzi bora kuliko yote ya huyu mwalimu, maana kadi ya kuchomoza inabebwa na mkunjo, mkunjo ukienda upande milimita mbili tu hakuna ua wala riboni ya kuficha, utaiona kadi haifungi sawa na kona zinapishana.

Anaanza na uelekeo wa nyuzi za karatasi. Karatasi ya kiwandani nyuzi zake zimelala zaidi upande mmoja, ukikunja kufuata nyuzi mkunjo unatoka laini umenyooka, ukikunja kwa kukatisha nyuzi, karatasi nzito inapasuka pale juu ya mkunjo na ile rangi inabanduka inaonekana nyeupe chini. Namna ya kujua ni rahisi sana, unachukua karatasi unaipinda kidogo bila kuikunja, kwanza kwa urefu halafu kwa upana, upande unaokubali bila ubishi ndo nyuzi zinakoelekea. Kwa karatasi ya kuchapia ya gramu 80 (yaani uzito wa mita moja ya mraba) huwezi kuona tofauti kubwa, ila ukifika gramu 200 kwenda juu, yaani ile ya kutengenezea ganda la kadi, utaiona waziwazi.

Halafu kuna kufinya mstari kabla ya kukunja. Wengi tunajua kwamba unapitisha kitu butu kwenye rula ndo ukunje, kalamu ya wino iliyoisha wino inatosha kabisa, wala huhitaji kile kifaa cha mfupa wanachouza. Lakini mwalimu anaongeza jambo ambalo sijaliona kwingine: ukishafinya, upande mmoja panakuwa na mfereji na upande wa pili panakuwa na kituta, sasa kunja hivi kwamba kituta kibaki NDANI ya mkunjo. Akili inakwambia ukunje kuelekea kwenye mfereji, lakini ukifanya vile nyuzi za nje zinavutwa zaidi na ndo zinapasuka. Jaribuni na karatasi nzito muone, kunja moja hivi moja vile, ziwekeni pamoja.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la boksi. Unachukua karatasi ya A5, yaani nusu ya A4, unaikunja katikati unapata kadi ya A6, kila upande una sentimita 10.5 kutoka kwenye mkunjo mpaka ukingoni. Ikiwa imekunjwa hivyohivyo unakata mistari miwili inayoanzia kwenye mkunjo, sambamba, urefu sawa, tuseme sentimita 3. Unafinya pale mikato inapoishia, unafungua kadi kidogo, unasukuma kile kipande kwa ndani kwa kidole taratibu mpaka mkunjo wake ugeuke, unafunga kadi unaikandamiza, ukifungua tena boksi limesimama. Mpaka hapo kila video inaonyesha. Ambacho haionyeshi ni hesabu: kadi ikifungwa lile boksi linalala mbele, linafika mara mbili ya urefu wa mkato kutoka kwenye mkunjo. Kwa hiyo mkato wa sentimita 3 unafika 6, uko salama, mkato wa 6 ungefika 12 na kadi yako ina 10.5 tu, lazima lichungulie nje kadi ikifungwa.

Na umbo unalobandika mbele ya boksi nalo lina hesabu yake. Chukua umbali wa uso wa boksi kutoka upande wa nyuma wa kadi, jumlisha na kimo cha umbo kutoka chini, jumla isizidi upana wa upande wa kadi. Boksi la 3 kwenye kadi ya 10.5 linabeba umbo la 7 na nafasi ndogo inabaki. Basi ukishajua hivyo vitu viwili huhitaji paterni ya mtu tena, unachora kipepeo chako, unapima, unabandika. Mi hapa ndo nilipoona thamani ya kozi nzima kwa kweli. Boksi likiwa tayari karatasi yote unaibandika ndani ya ganda lingine zito ili lile tundu la nyuma lisionekane, na gundi usipake nyuma ya boksi, paka pembeni tu, vinginevyo boksi linagandia pale na halisimami tena.

Upande wa kukata maumbo ni wa kawaida lakini una vitu vizuri. Anza kukata matundu ya ndani, umalizie na mzingo wa nje, kwa sababu karatasi ikiwa bado nzima inashikilia vile vipande vyembamba visichanike. Ukitumia mkasi geuza karatasi, mkono wa mkasi utulie. Kipepeo au kopa, kunja karatasi katikati mara moja uchore nusu tu, mabawa yatalingana yenyewe. Kwa nyota ya ncha sita unakunja nusu, halafu ile nusu unaigawa mara tatu, digrii 60 kila sehemu, unapata tabaka 6, hapo tumia karatasi nyepesi maana nzito tabaka zinateleza na mkato wa juu haulingani na wa chini. Wembe wa kisu ubadilishe mapema, ukianza kuona pembe zina manyoya manyoya ujue haukati tena unachana.

Kuna somo la kadi za majengo, karatasi moja tu unakata na kukunja mpaka ngazi na nguzo na madirisha yanasimama bila kubandika chochote. Sanaa hii aliianzisha mbunifu wa majengo wa Japani, Masahiro Chatani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwalimu anamweleza kwa heshima kabisa. Ukiangalia vizuri ni lilelile boksi likirudiwa, boksi juu ya boksi, kila mkunjo mpya unazaa boksi jipya. Nilifurahi sana kulitambua.

Lile la mkunjo wa Miura naliweka chini kidogo. Ni ule ambao ukivuta kona mbili karatasi nzima inafunguka kwa mpigo na ukisukuma inajifunga, Koryo Miura aliubuni kwa ajili ya vitu vya kupeleka anga za juu na kweli uliwahi kutumika kwenye paneli za sola za chombo cha Japani kilichorushwa 1995. Kwenye kadi unaubandika katikati kama barua ndefu inayofunguka, mpokeaji lazima ashangae. Shida video inaenda mbio mno pale penye kugeuza mikunjo ya juu na ya chini, na kamera imewekwa pembeni, mikono inaziba. Kipande hicho kinahitaji kurekodiwa upya, na wakati wa kukirekodi kamera iwe juu ya meza.

Sasa malalamiko. Paterni za kuchapa zimepangwa kwa karatasi ya Marekani, milimita 216 kwa 279, sio A4 ambayo ni 210 kwa 297, na hawajaandika popote. Printa ikiachwa ijirekebishie ukurasa yenyewe inapunguza mchoro kidogo, kwa hiyo mkato ulioandikwa sentimita 5 unatoka pungufu na vipande vya kuingiana haviingiani. Weka asilimia 100 kwenye mipangilio ya printa kabla hujachapa, kisha pima mstari mmoja kwa rula ndo uendelee. Niliwaandikia kuhusu hili, wakanijibu kwa upole kwamba watarekebisha, mpaka naandika hapa faili ni zilezile.

Na seti. Karatasi za maumbo ni nzuri, rangi zimekolea, sina neno. Ila zile za ganda wameandika nzito na ni gramu 160, kadi ikisimama mezani inalegea inafunguka miguu, kwa kadi yenye boksi unahitaji 220 au 250. Gundi waliyoweka ni ya maji, ukipaka eneo kubwa karatasi inajikunja mawimbi, mi nimeiweka pembeni natumia selotepu ya pande mbili kwa ganda na gundi ya fimbo kwa maumbo madogo, na penye kutaka umbo liinuke kidogo naweka vipande vya sponji yenye gundi. Bahasha ni C6, milimita 114 kwa 162, kwa kadi bapa ya A6 inakaa vizuri, lakini kadi ikishakuwa na boksi na maua juu yake inatuna na bahasha inavimba mpaka mdomo haufungi. Kwa seti inayouzwa kwa jina la kadi za kuchomoza hilo halikubaliki, wangeweka bahasha zenye tumbo.

Kisu na mkeka wa kukatia ndo vitu pekee kwenye seti ambavyo ningevinunua tena, mkeka una mistari ya sentimita na haujikunji.

Kama unaanza, chukua kozi, nunua karatasi zako mwenyewe, fanya masomo ya mikunjo yote kwa karatasi ya kuchapia kabla hujagusa karatasi nzuri, la boksi lirudie mpaka hesabu ikae kichwani. Paterni zao chapa zile za majengo tu, nyingine utajichorea.