Uzoefu Wangu wa Kufundisha Hisabati kwa GeoGebra

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitumia GeoGebra, programu ya kompyuta ya kuchorea maumbo na grafu, kufundishia jiometri na aljebra katika madarasa ya sekondari, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wenzangu wanaojiuliza kama programu hii inastahili muda wa kipindi. Kwa maoni yangu inastahili kabisa, ingawa thamani yake haimo katika uzuri wa michoro. Imo katika kitendo kimoja: mwanafunzi anakishika kipeo cha umbo, anakiburuta, na umbo zima linabadilika mbele ya macho yake huku masharti yaliyotumika kulijenga yakibaki palepale.

Programu hii ilianzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Ni bure kwa matumizi ya darasani yasiyo ya kibiashara, na ikishapakuliwa kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti.

Ninapendekeza kuanza na mraba. Wanafunzi wengi wakiambiwa wauchore huweka nukta nne kwa kukadiria, wakaziunganisha, na mchoro ukapendeza. Ukiwaomba waburute kipeo kimoja, mraba huo unapinda na kuwa pembenne isiyo na sifa yoyote. Aliyeujenga kwa mistari inayokutana kwa nyuzi 90, akahamisha urefu wa upande kwa duara, ataona mraba wake ukikua na kuzunguka bila kupoteza umbo. Tofauti kati ya kuchora na kujenga, ambayo ni vigumu sana kuieleza ubaoni kwa chaki, hapa inaonekana kwa sekunde chache.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni lile la nukta za katikati. Chora pembenne yoyote, weka nukta katikati ya kila upande, kisha uziunganishe kwa kufuatana. Umbo la ndani huwa msambamba daima, yaani pembenne ambayo pande zake zinazotazamana ni sambamba, jambo lililochapishwa katika kazi ya Mfaransa Pierre Varignon mwaka 1731. Mimi silitaji jina hilo mwanzoni. Ninawaacha wanafunzi waburute vipeo, na baada ya muda mwanafunzi mmoja huvuka mpaka ambao wengine hawakuufikiria: anavuta kipeo hadi pande mbili za pembenne zinapishana, na msambamba bado upo. Darasa linapoona hivyo, linadai sababu lenyewe. Ndipo ninapowaomba wachore ulalo mmoja, yaani mstari unaounganisha vipeo viwili vinavyotazamana, pembenne igawanyike katika pembetatu mbili, nao wakumbuke kwamba mstari unaounganisha nukta za katikati za pande mbili za pembetatu huwa sambamba na upande wa tatu na una nusu ya urefu wake. Uthibitisho unakamilika kwenye daftari, kwa kalamu.

Katika aljebra, hali ni hiyohiyo. Chukua y = x² + bx + 1 na ubadilishe b kwa kitelezi, yaani kitufe cha kuburuta kinachobadilisha namba. Wengi hutarajia parabola, yaani mchirizi wa grafu hiyo, isogee kushoto na kulia tu, lakini ukiwasha alama za njia ya kipeo chake, yaani nukta yake ya chini kabisa, utaona kipeo kikichora parabola nyingine iliyopinduka, yaani y = 1 − x². Sijapata njia nyingine ya kuwafanya vijana watamani kukamilisha mraba, yaani kuiandika x² + bx kwa kutumia mraba kamili, kwa hiari yao.

Kasoro zipo, na mwalimu anapaswa kuzijua mapema. Programu hukadiria tarakimu inazoonyesha: pembe za 60.4, 59.3 na 60.3 zikionyeshwa bila desimali zitasomeka 60, 59 na 60, na jumla itakuwa 179. Mwanafunzi makini atauliza, na swali lake linastahili jibu kamili. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kuburuta kunashawishi mno. Aliyeona jambo likisimama katika mikao mingi hujihisi amekwisha kulithibitisha, na asipokuwapo mwalimu wa kumuuliza "kwa nini?", uchunguzi unaishia kuwa utazamaji. Kwa hiyo sipendekezi kuwapa wanafunzi mchoro uliokwisha kutayarishwa wenye nukta moja ya kusogeza. Waujenge wenyewe, hata kama kipindi kizima kitaisha.

Kwa kusahihisha, tumieni orodha ya hatua za ujenzi ambayo programu huihifadhi. Inaonyesha kila nukta na kila mstari kwa mpangilio ulivyowekwa, na humo ndimo ninamosoma alichofikiri mwanafunzi kabla ya kuutazama mchoro wenyewe.