Duka la kanga Mchangani: nendeni mwenyewe akiwepo

Anayetafuta kanga za pamba tupu hapa mjini Unguja namwelekeza duka hili, ila kwa sharti moja: mwenye duka awepo. Akiwepo nampa nyota tano. Akiwa hayupo, mbili, na hizo ni za feni.

Mtalijua kwa kanga ya kisutu iliyotundikwa mlangoni toka juu hadi chini. Ndani ni pembamba, watu wawili wenye mikoba hawapishani. Lakini mali imepangwa kwa akili, za India upande wake, za Bara upande wake, na majina yote, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, yametazama mbele, humsumbui mtu kukufunulia doti ishirini ili usome. Doti ya kawaida 12,000, na haipandi akijua una harusi. Ana bakuli la maji na kitambaa cheupe pale mezani. Anarowesha sampuli, anaisugua mbele yako. Ikichuja anakwambia inachuja. Kanga iliyojaa wanga atakwambia, "Bi Mkubwa, hii ukiifua mara moja inabaki chandarua." Muuzaji gani tena Mchangani atakwambia hivyo?

Pamoja na kanga utapewa hadithi za Richard Cobden, mfanyabiashara na mwanasiasa wa Uingereza wa karne ya 19, utake usitake. Mwenye duka ni kijana, alisomea biashara chuoni, huko akakutana na habari za huyu Mwingereza, na picha yake ameibandika chini ya kalenda. Wateja humuuliza kama ni babu yake.

Mie nimesomesha historia sekondari mpaka nikastaafu, kwa hivyo nilimsikiliza kwa sikio la kusahihisha. Mengi anayapata sawa. Cobden alizaliwa 1804 kijiji cha Heyshott, kusini mwa Uingereza, mtoto wa nne kati ya kumi na mmoja, baba mkulima aliyepoteza shamba. Wakamtupa shule ya bweni Yorkshire, akaona dhiki. Alipofika miaka 15 akaingia ghalani kwa jamaa yake London. Kisha akazunguka nchi na sampuli za vitambaa vya pamba, kaliko na melimeli. Mwaka 1828 yeye na wenziwe wawili wakakopa mtaji, wakawa wanauza kwa kamisheni mali ya wachapaji wa Manchester. Mwaka 1831 serikali ikafuta ushuru wa kaliko ya maua, na mwaka huo huo wakachukua kiwanda kule Sabden, wakachapa wenyewe. Hapo kijana hupandwa na mori, maana ushuru wa bandarini ndio maradhi yake.

Pa kumkatiza ni pale anapowaambia watalii kwamba Cobden ndiye aliyechapa kanga ya kwanza. Si kweli, mwanangu. Bwana huyo alikufa tarehe 2 Aprili 1865, na kanga tunazozijua zilishika baada yake, karne ile ikielekea mwisho. Wakati wake bibi zetu walivaa kaniki, kitambaa cheusi, na merikani, pamba isiyotiwa rangi, na merikani yenyewe ililetwa na majahazi makubwa ya Salem, Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kule Marekani, 1861 hadi 1865, viliipunguza hapa kwetu, na Uingereza nako vikafunga viwanda vya Lancashire kwa kukosa pamba, Rochdale ikiwemo, ambako Cobden alikuwa mbunge wakati huo. Pamba hiyo ilikuwa ya mashamba ya watumwa. Yeye aliuchukia utumwa, lakini kaliko yake ilitoka huko, kama karafuu zetu za siku zile zilivyotoka mikononi mwa watumwa. Kijana alinyamaza kidogo, akanipunguzia elfu moja.

Siasa za Cobden ndizo anazozipenda zaidi. Sheria ya nafaka ya 1815 kule Uingereza ilizuia ngano ya nje mpaka ya ndani ifike shilingi 80 kwa kota, kipimo chao cha nafaka. Wenye mashamba wakanenepa, mkate ukawa ghali kwa mfanyakazi. Cobden na mwenzake John Bright wakazunguka mji kwa mji wakihutubia, Cobden akaingia bungeni 1841 kwa kiti cha Stockport, na 1846 waziri mkuu Peel akaifuta sheria. Mwaka 1860 Cobden akafunga na Ufaransa mkataba wa kupunguza ushuru. Alipopewa cheo cha heshima alikikataa.

Analoliruka ni hili. Miaka yote ile ya mikutano biashara alimwachia ndugu yake, hesabu zikaoza. Ilipofika 1845 alikuwa ukingoni mwa kufilisika, marafiki wakamwokoa, na baada ya ushindi watu wakamchangia zaidi ya pauni 70,000. Kijana wetu sasa anagombea udiwani. Tangu aanze, mchana hapatikani. Dukani humkuta msaidizi, mtoto mwenye adabu ila kanga hazijui, na mwezi uliopita jirani yangu aliuziwa poliesta kwa bei ya pamba. Bakuli la maji lilikuwa kavu. Aliporudi, mwenyewe alimbadilishia bila ya maneno, lakini pauni 70,000 za kumwokoa huyu zitatoka mtaa gani?

Na la msaidizi pia. Cobden alitaka mkate rahisi, lakini hakutaka sheria iguse saa za kazi za watu wazima, na vyama vya wafanyakazi hakuvipenda. Msaidizi wa pale husimama tangu asubuhi mpaka Isha, hana hata kigoda. Nimemwambia mwenye duka, akacheka. Sikucheka.

Nendeni asubuhi, kabla ya adhuhuri. Jioni yuko kwenye mikutano. Ijumaa hufungwa mapema. Vitenge bei yake ni ile ile ya kila mahali. Zile kanga zinazong'aa kwenye rafu ya mlangoni ziacheni hapo hapo, hata mkipunguziwa.