Kadi ya herufi au kompyuta inayosema?

Mtu asiyeweza kusema kwa mdomo atumie kipi kati ya hivi viwili? Mwaka 1985 Stephen Hawking, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cambridge ambaye mwili wake ulikuwa umepoozeshwa na ugonjwa wa neva, aliugua nimonia vibaya. Madaktari wakamtoboa koo ili apumue, na sauti yake ikapotea moja kwa moja. Njia yake ya kwanza ya kusema tena ilikuwa kadi ya herufi: mtu anaonyesha herufi moja moja kwa kidole, naye anainua nyusi ikifikiwa anayoitaka. Baadaye akapata programu iitwayo Equalizer, akawa anachagua maneno kwa kubonyeza swichi, hadi maneno 15 kwa dakika, na mashine inamtamkia.

Tofauti kubwa naiona kwa msikilizaji. Kadi inamtaka akae karibu, atazame, asichoke. Na hapo ndipo penye hatari, maana mwenye haraka humkatiza mwenzake na kumalizia sentensi isiyo yake. Kompyuta humwachia mhusika aandae maneno peke yake, amwite aliye chumba cha pili, hata ahutubie ukumbi. Hawking alifanya hivyo kwa miaka mingi.

Lakini kadi haihitaji umeme, haiharibiki ikianguka, na hutengenezwa nyumbani kwa karatasi na kalamu. Asiyejua kusoma huchorewa picha: maji, choo, maumivu, mama.

Kwangu mimi, mwenye uwezo achukue kompyuta, ila kadi isitupwe. Chaji ikiisha usiku na mhusika ana maumivu, atasema kwa kutumia nini? Na mtoto asiyeweza kusema asisubirishwe mpaka pesa za tableti zipatikane. Picha anaweza kuanza nazo leo.