Giraffe Centre pale Lang'ata, Nairobi: usiishie kupiga selfi, waulize habari za spishi

Mimi nawapa nyota tano na sio kwa sababu ya picha tu, ingawa picha zinatoka poa sana, unasimama kwenye lile jukwaa la juu kichwa cha twiga kinakuja hadi usoni, unamlisha kwa mkono, ule ulimi mrefu mweusi unakuzunguka vidole na watoto wanapiga kelele mpaka basi.

Kilichonibamba zaidi ni maelezo. Kuna mahali nimewahi kwenda ukiuliza unaambiwa "huyo ni twiga", yameisha. Hapa uliza uone. Hao wa pale ni twiga wa Rothschild, cheki miguu, kuanzia goti kushuka hakuna mabaka, ni kama wamevaa soksi nyeupe. Wa Samburu mabaka yake ni makubwa yamegawanywa na mistari myeupe iliyonyooka, wa Maasai Mara kingo za mabaka zimechanikachanika.

Sasa zamani wote hao walihesabiwa spishi moja yenye nususpishi tisa. Nususpishi wanatofautiana sura na makazi lakini bado ni spishi moja, wakikutana porini wanazaana kawaida tu. Spishi mbili ni mbali zaidi, kila moja imeenda njia yake miaka mingi mno na damu hazichanganyiki hivi hivi. 2016 watafiti wakapima DNA wakasema twiga ni spishi nne, 2025 IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, nao wakakubali: wa kaskazini, wa Samburu, wa Maasai na wa kusini. Kenya tunao watatu! Huyu wa Rothschild anawekwa pamoja na wa Nubia, nususpishi ya twiga wa kaskazini.

Na hii sio mambo ya darasani tu jamani, ukiwajumlisha wote unapata zaidi ya laki moja unatulia, kumbe wa kusini peke yao ni karibu 69,000 na wa kaskazini wamebaki kama 7,000, na wakiisha huwezi kuchukua wa kusini ukajazia. Ndio maana naheshimu sana hiki kituo, Jock Leslie-Melville na mkewe Betty walikianzisha 1979 kuokoa hawa hawa wa Rothschild, na wanaozaliwa pale wamekuwa wakipelekwa mbugani.

Nendeni asubuhi, twiga wanakuwa na njaa wanakuja wenyewe.