Kusaka vikasha na mbwa Milima ya Ngong: nyota moja, na hata hiyo naifikiria

Majuzi nililipia matembezi ya jiokashingi (mchezo wa kusaka kwa GPS vikasha vilivyofichwa) juu ya mgongo wa Milima ya Ngong, kutoka kwenye mitambo ya upepo kuelekea Kona Baridi. Tangazo lilisema mbwa wanakaribishwa. Kampuni sitaitaja. Bei na saa za kuanza mtazikuta kwenye tangazo. Langu ni karatasi ya viwianishi (nambari za kuonyesha mahali kwenye ramani) tuliyogawiwa, na majibu ya kiongozi alipoonyeshwa kosa lake.

Viwianishi vya vikasha huandikwa kwa nyuzi, kisha dakika zenye desimali (dakika na sekunde hapa ni vipande vya nyuzi, si vya saa). Tuseme S 1° 24.500, E 36° 38.400 (nambari za mfano tu, siwezi kutoboa maficho ya mtu). Hiyo .500 ni nusu dakika, yaani sekunde 30. Hiyo .400 ni sekunde 24. Karatasi yao iliandika 24'50" na 38'40"! Aliyeichapa alichukua tarakimu mbili za baada ya nukta akaziita sekunde. Sasa piga hesabu: sekunde moja hapa kwetu karibu na ikweta ni takribani mita 31 ardhini. Umeongezewa sekunde 20 upande wa kusini, zaidi ya mita 600, na sekunde 16 upande wa mashariki, karibu mita 500. Kwa mstari ulionyooka umepotea karibu mita 800. Na kwa Ngong, kusukumwa mashariki ni kutoka kwenye nyasi za mgongoni na kuteremka kwenye makorongo ya vichaka, ambako nyati bado wapo. Ukiwa korongoni anga nayo inazibwa, simu inaona setilaiti chache, na mshale unaanza kuyumba.

Mchezo wote huu unategemea mita. Tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilizima upotoshaji iliokuwa ikiuweka makusudi kwenye mawimbi ya GPS ya raia, na kesho yake tu kasha la kwanza likafichwa Oregon. Watu wazima wanaotoza pesa kwa mchezo wa mita tano, wanakupeleka mita mia nane!

Lakini kosa la kuchapa ningelisamehe. Kwenye kasha lililofuata karatasi ilisema sekunde 74. Dakika moja ina sekunde 60, hakuna kitu kinachoitwa sekunde 74 duniani, na programu ya simu ikakataa kuipokea. Nikamwonyesha kiongozi: kaka, hizi ni desimali, ingiza 24.742 na utaona. Jibu lake: "Madam, weka 59, ni karibu tu. Na hiyo mbwa yako ndiyo inatuchelewesha." Nikamwomba tusimame mbwa anywe. "Maji tumebeba ya watu."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na haijapoa.

Mbwa wa kilo 25 anayepanda na kushuka nusu siku anahitaji lita moja na nusu hadi mbili, akinywa kidogo kidogo kila dakika 20, si bakuli zima kwa mpigo. Mgongoni pale hakuna kijito cha kutegemea. Upepo wa baridi unadanganya: wewe umevaa jaketi, jua la mita 2,400 linampiga mbwa mwenye manyoya meusi, na jasho hana ila kidogo kwenye nyayo. Ulimi ukipanuka ncha kama kijiko, mate yakiwa mazito, fizi zikiwa nyekundu iliyokoza, simama hapo hapo. Mlowanishe tumbo, mapaja ya ndani na nyayo, kisha mwache upepo umpige. Usimfunike taulo bichi, linazuia joto kutoka. Nilibeba maji yake mwenyewe, lakini maji yanapangwa kwa urefu wa njia. Mteremko wa bure wa mita 800 na kuupanda tena haukuwa kwenye mpango, na kiongozi aliyetuteremsha ndiye aliyekataa kusimama.

Haki yao niwape. Vikasha vyenyewe vilikuwa vizuri mno. Yale masanduku ya chuma ya kubebea risasi za bunduki, mpira wa kifuniko mzima, daftari kavu ndani ya mfuko wa plastiki, penseli badala ya kalamu ya wino, na hakuna aliyeacha biskuti ndani kuita panya na siafu. Aliyevificha anaijua kazi: mawe yamepangwa kiasi cha kumwambia msakaji bila kumwambia mpita njia. Kiongozi huyo huyo alitufundisha vyema kuchokoza rundo la mawe kwa fimbo kabla ya kutia mkono, kwa sababu kifutu, yule nyoka mnene wa sumu, hakimbii akisikia hatua, hutulia tu. Kwa mwenye mbwa hilo ni kubwa, maana pua hufika kabla ya fimbo: kamba iwe mita moja kwenye kila rundo, na mita mbili mbuzi wa wachungaji wanapopita. Kamba ndefu ya mita tano iache nyumbani, vichaka vitaimeza. Usiifunge kiunoni kwenye mteremko.

Nilipoandika aya hiyo nilitaka kuwapa nyota tatu. Mandhari ya Bonde la Ufa upande mmoja na Nairobi upande wa pili yanatosha kumlainisha mtu. Kisha nikakumbuka fizi za mbwa, na kupe niliowatoa jioni kwenye masikio na katikati ya vidole, kupe wa makorongo yale ambayo hatukuwa na sababu ya kuyaingia. (Kibanio chembamba, shika karibu na ngozi, vuta moja kwa moja. Usipake mafuta ya taa.) Kupe wa kwetu hubeba homa zinazoua mbwa, kwa hiyo kwa wiki mbili tatu zijazo nitakuwa napima joto lake na kuangalia rangi ya mkojo.

Kampuni imenijibu kwa punguzo la safari ijayo. Punguzo silitaki. Nataka karatasi ichapwe upya kwa dakika za desimali, tarakimu tatu baada ya nukta, na kila kundi lenye mbwa liongezewe lita tano za maji kwenye mkoba wa kiongozi. Wakifanya hayo mawili nitaibadilisha nyota hii siku hiyo hiyo.