Sarafu za twiga na kifaru za 1974: uzoefu wangu

Nina miezi minne na sarafu hizi mbili za fedha: shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru mweusi. Tanzania ilizitoa mwaka 1974 katika mpango wa WWF na IUCN, mashirika ya kimataifa ya uhifadhi, wa kuhifadhi wanyama, na upande wa pili yuko Mwalimu Nyerere. Nilizinunua ng'ambo kwa njia ya intaneti. Muuzaji aliniahidi kuwa zote mbili ni fedha ya 925 (yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha tupu), zile zinazong'aa kama kioo.

Zilipofika Amu nilizipeleka kwa sonara wetu, Langoni. Huyu ni mtu aliyeyeyusha reale za Maria Theresa, sarafu za kale za fedha za Austria, tangu ujana wake, zikawa vikuku na vidani vya mama zetu. Fedha anaijua kwa kuishika tu. Akamweka twiga kwenye mizani: gramu 28.3, sawasawa. Akamweka kifaru: 31.6. Akamtoa, akapangusa mizani kwa kitambaa, akamrudisha. Ikawa vile vile.

"Mwanangu, kifaru ni wa kweli, lakini siye uliyemlipia."

Na ndivyo ilivyo. Shilingi 50 hiyo ilipigwa aina mbili: ya 925 ina gramu 35, na ya bei nafuu, ambayo nusu yake tu ndiyo fedha, ina gramu 31.65. Ukipiga hesabu, nilipata gramu kama 16 za fedha badala ya 32. Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie muuzaji akupigie picha sarafu ikiwa juu ya mizani, namba zikisomeka. Mimi nilirudishiwa tofauti ya bei baada ya wiki tatu za kuandikiana, na ziliniuma.

Kifaru mwenyewe sikumrudisha. Twiga ndiye anayeng'aa, ila kila jioni mkono wangu huenda kwa kifaru. Sarafu hii ilipotoka, Kenya ilikuwa na vifaru weusi kwa maelfu. Miaka ya themanini haijesha, majangili walikuwa wamewafikisha chini ya 400. Mwanangu aliweka shilingi yetu 5 ya 2018, yenye kifaru pia, kando yake, akaniuliza kama ni mtu na mjukuu wake.

Nilitaka kuzisugua kwa limau na jivu kama vikuku, ammi sonara akanizuia: sarafu ikisuguliwa hupoteza thamani. Nimezitia kila moja kwenye kijaluba chake cha plastiki, mbali na upepo wa chumvi.