Bustani kubwa ya mbali au kiwanja chenye miti karibu na nyumbani, kipi kinamfaa kijana?

Bustani kubwa ina raha yake, nafasi ya kukimbia ipo, kelele za magari husikii, kijana akitoka huko kichwa kimetulia kabisa. Ila nani anampeleka? Mpaka mzazi apate muda, nauli iwepo, matokeo yake anaenda mara chache sana. Kiwanja cha karibu ni kidogo ndio, lakini anafika mwenyewe kwa miguu kila siku bila kuomba mtu, anakutana na wenzake, anajifunza kujitegemea, na hata Shirika la Afya Duniani (WHO) upande wa Ulaya mwaka 2017 walishauri eneo la kijani liwe ndani ya mita 300 kutoka nyumbani. Mi nachagua karibu, mradi pawe na taa na usalama, hasa kwa mabinti.